Baba Yako Hayuko Bungoma

Komarock, alasiri ya kuamkia safari yako

Nafula mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana tumeshinda pamoja na chai tumekunywa meza moja. Umetoka hapa saa nane kwenda kusukwa Donholm, ukaniambia giza litakukuta kwenye kiti cha yule dada wa saluni kwa jinsi unavyotaka nywele ndogondogo. Mimi nimebaki na mabegi yako yaliyofungwa na karatasi hizi nilizochomoa kwenye mashine ya kazini. Kuchapa sikutaka. Ningechapa, ungedhani ni hati ya mtu mwenye kesi.

Nianze na lile lenyewe kabla sijaanza kuzungukazunguka, maana najijua. Baba yako hayuko Bungoma. Hakwenda kuangalia mahindi, hakuna kesi ya mpaka wa shamba, hakuna chochote cha hayo. Yuko hospitalini, hapa hapa Nairobi, Eastlands, tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Moyo wake umechoka, ndivyo daktari alivyosema. Hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Vile viatu ulivyomcheka kwamba amenunua vidogo, Nafula, havikuwa vidogo. Ni miguu iliyokuwa imevimba.

Mpango ni kwamba barua hii niiweke kwenye begi lako la mkononi, chini ya sweta, mahali utakapoikuta ukitafuta kitu cha kujifunika ndege ikishapaa. Baba yako anaujua mpango huo na ameukubali. Uisome ukiwa juu, pasipo na mlango wa kushukia. Naandika hivyo na uso unaniwaka kwa aibu, lakini acha niandike niyaone maneno yenyewe.

Ni baba yako aliyeanza kusema. Usiku ule wa kwanza, mpira wa hewa ukiwa puani, alinishika mkono akaniambia, "Mama Nafula, mtoto asijue. Akijua hataenda, na nafasi ya chuo kama ile hairudi. Mwache apande ndege kwanza." Ningeweza kumbishia. Mimi mtu wa kubisha hata na kondakta, ningeshindwaje kubisha na mgonjwa? Lakini nilinyamaza kwa sababu nilishukuru. Nilikuwa nimeshalifikiria jambo lile lile nikiwa nje kwenye korido, nikawa natafuta mtu wa kulisema badala yangu. Nilikuwa nimewatangazia watu wote, kanisani na kazini, kwamba Nafula anaenda Kanada kusoma. Nikawaza, ukibaki nitawaambia nini? Ndiyo, mwanangu. Mume wangu anahema kwa shida, na mimi nawaza watu watasemaje.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote hii nakaa kwenye kile kibanda karibu na korti za Makadara nikiwachapia watu viapo. Mtu anasimulia, mimi nachapa, na mwisho naweka yale maneno ya kila siku, kwamba yote aliyoyasema ni kweli kadiri anavyojua. Mtu akianza kunizungushia, mimi ndiye ninayemkaripia. "Mzee, sema lililotokea, la sivyo huko ndani utanyolewa bila maji." Halafu nafunga kibanda, narudi nyumbani, nakuambia baba yako yuko kwenye mahindi. Haya basi.

Unakumbuka simu ya Jumatano? Mimi ndiye niliyemshikia baba yako simu sikioni. Nilikuwa nimewaomba wagonjwa wa vitanda vya jirani wanyamaze kidogo, na wakanyamaza, watu wazima na maumivu yao, ili mimi nipate kudanganya vizuri. Ikaja troli ya chai na yule mama wa jikoni akiita, "Chai! Chai, wazee!" Ukasikia. Ukauliza, "Daddy, kwani uko wapi?" Akasema yuko sokoni Chwele, huko Bungoma. Ukafurahi, ukamwambia basi akutumie zile ndizi ndogo tamu kabla hujaenda, na akakuahidi. Simu ilipokatika aligeukia ukutani, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Ndizi ulizokula Ijumaa nilizinunua kwa mama mboga wa hapa getini. Nilitafuta gunia kuukuu, nikazifunga, nikakuambia zimefika na basi la usiku. Ukamenya moja ukasema, "Mathe, ndizi za shags ziko tofauti, hizi za Nairobi ni maji tupu." Nikaitikia. Nikala na moja pia, na nikasema kweli, ziko tofauti.

Lakini maombi ya kukuaga ya Jumamosi ndiyo yananichoma zaidi. Sebule ilijaa, viti tukaazima, ukavaa lile gauni la kitenge ukawa unapitisha sahani. Kila mtu aliyekuwa kwenye sebule ile alijua, Nafula. Kila mtu isipokuwa wewe. Pasta alijua, ndiyo maana alipokuwekea mkono kichwani aliomba, "Na baba yake, popote alipo, Bwana umguse," na akina mama wakaitikia amina kwa sauti iliyozidi. Mama Brayo, na mdomo wake usio na breki, akakuuliza, "Na baba anaendelea aje?" Ukamjibu, "Ako poa, Mama Brayo, ako shags anavuna." Akajaza chapati mdomoni akatazama dirishani. Mimi nikacheka. Nilicheka ili swali lile lipite. Sherehe ilikuwa yako, nyumba ilikuwa yako, na sisi sote tukawa tunakutazama kama mtu aliyevaa nguo nyuma mbele na hakuna wa kumwambia.

Ungefikiri sijui matokeo ya mambo haya. Nayajua kuliko mtu yeyote hapa mtaani. Nilishayafanya, kwa mjomba wako Wafula, yule yule atakayesimama kukupokea huko Calgary. Unajua tu kwamba mimi na yeye tuna kitu kati yetu. Hujawahi kuambiwa ni kitu gani, kwa sababu mimi ndiye ninayesimulia hadithi za nyumba hii, na hiyo huwa naipita.

Ulikuwa mdogo. Kukhu, mama yetu, alikuwa mgonjwa, tukamleta kutoka kijijini akalala kwenye chumba ambacho sasa ni chako. Wafula alikuwa ameshahamia huko Kanada. Kila Jumapili anapiga, "Mama anaendeleaje?" Nami kila Jumapili, "Ni presha tu, inashuka." Nilijiambia namtunza asivurugike kazini. Ukweli ni kwamba sikutaka maswali. Umempeleka hospitali gani, kwa nini si ile nyingine, dawa gani wamempa. Watu wa mbali wanauliza sana, na mimi nilikuwa nimechoka, na hasira zangu unazifahamu.

Daktari akafikia kuniambia, "Mama, kama kuna mtu wenu wa mbali, mwiteni." Nikashuka hadi saiba, kile kibanda cha intaneti cha pale stendi, nikaomba kijana wa pale anitafutie ni umbali gani kutoka Calgary mpaka Nairobi. Kompyuta ikachora mstari mwekundu juu ya dunia, umepinda kidogo, kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine. Karibu kilomita elfu kumi na nne, ikasema, na muda wa kuruka kama masaa kumi na saba. Nikafurahi! Masaa kumi na saba tu? Kumbe ni mtu wa kulala na kuamka. Mimi nilidhani Kanada ni mbali. Basi hakuna haraka, nikasema, nitamwambia mwisho wa wiki, huenda Mama akapata nafuu nikawa sijamsumbua mtu.

Hakuna ndege inayofuata mstari ule, Nafula. Pengine walikuwa wameandika hivyo kwa herufi ndogo, nami nikapita. Masaa yale ni ya ndege isiyokuwepo, inayopaa dakika unayomwambia mtu, haitui popote, haijui theluji, wala haimwombi bosi wako ruhusa.

Nilipomwambia, Wafula alianza kwa kuomba ruhusa kazini. Kisha akatafuta tiketi akakosa, akapata ya siku ya pili yake, ya kupitia mji mwingine wa huko huko halafu Ulaya. Theluji ikafunga uwanja. Akalala kwenye viti. Alipofika Ulaya, ndege ya kuja huku ilikuwa imeshaondoka, akaambiwa angoje ya kesho. Akanipigia kutoka huko, sauti inakwaruza. "Dada, nimefika katikati. Mwambie Mama niko njiani. Mwambie ajikaze."

Kukhu alikuwa amefariki asubuhi hiyo.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale sebuleni, wakanitikisia vichwa. Kwetu mtu aliye njiani haambiwi. Ataanguka katikati ya watu wasiomjua, nani atamshika? Unaijua desturi hiyo, umeiona kwa kila nyumba hapa, na wanaoifanya si watu wabaya. Nikasema kwenye simu, "Anakusubiri." Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida kabisa, ile ninayokuitia uje ule.

Tulikwenda kumpokea kwa magari mawili. Akatoka amevimba macho kwa kukosa usingizi, tukamrukia, tukacheka, tukabeba mabegi. Unaweza kuamini tulicheka? Kwenye gari alikaa mbele akazungumza njia nzima. Amemletea Mama soksi nzito, maana miguu yake ilikuwa baridi siku zote. Atalala chumba kimoja naye, hataki kitanda, mkeka unatosha. Akageuka akaniuliza kama anakula. Nikasema anakula kidogo. Nafula, nilisema anakula kidogo.

Tukakata kona ya kuingia hapa kwetu. Hema lilikuwa limesimama, viti vya plastiki vimepangwa, watu wamekaa kimya. Wafula akashusha sauti kama mtu mwenye adabu. "Nani amefiwa hapa?" akauliza. "Mngeniambia, ningepita kuwapa pole kwanza." Dereva akazima gari. Wafula akatazama hema, akatazama mlango wetu uliokuwa wazi, halafu akanitazama mimi. Nikaona jambo lile linavyomfikia.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Baada ya mazishi alinikuta jikoni nikikausha sahani, akasema, "Nasimiyu, kutoka Ulaya mpaka hapa nilikuwa namwandalia Mama maneno. Nimezungumza naye njia nzima, na nyinyi mlikuwa mmeshamfunika uso. Ungeniambia, ningelia kwenye ndege. Kwani watu hawalii kwenye ndege?" Akachukua kitambaa kingine akanisaidia sahani zilizobaki. Hajawahi kulirudia neno hilo. Ila tangu siku ile, nikimwambia jambo lolote kwa simu, huniambia niwashe kamera. Nikisema niko salama anataka kuona uso. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni, na haniamini hata nikimwambia nimekula.

Wiki iliyopita alimuulizia baba yako. "Nionyeshe shemeji." Nikamwambia mtandao wa Bungoma ni mbovu. Akaniuliza, "Kweli, dada?" Nikamwambia haki ya Mungu. Ndiyo, nilimtaja na Mungu.

Sasa kuna jambo la juzi ambalo nalionea haya kuliko hayo yote. Nilikaa kitandani na simu nikaitafuta safari yako. Mara hii nikajiona mjanja, sikuutazama tena ule mstari mwekundu. Nilifuata ndege zako moja moja, ya usiku ya kutoka hapa mpaka Ulaya, kungoja huko, kisha ile ndefu ya kuvuka bahari. Nikapiga hesabu. Baridi itakushika wakishagawa chakula, utavuta sweta, utaiona barua. Utalia usiku huo kukiwa na giza na watu wamelala, kwa hiyo hakuna atakayekuona. Ukitua Ulaya utakuwa na muda wa kutosha wa kunipigia na kunigombeza. Ndege ya pili utalala kwa uchovu. Na kwa Wafula utafika umeshanawa uso. Yaani huzuni yako nimeipangia ratiba, wapi ianze na wapi iishe, nikaona nimefanya kazi nzuri, nikalala.

Na hata hiyo hesabu ni ya kipumbavu. Wafula atakuona ukitoka na lile begi, na atajua kabla hujamsalimu. Mtu aliyeshapitia mlango ule anajua sura ya mwenzake. Atajua dada yake amerudia.

Nilipoanza kuandika nilidhani nakuambia ukweli. Nimerudi nyuma nimesoma, na ni uongo ule ule, ila huu nimeufunika na sweta. Ukweli unaoupata ukiwa huwezi kufanya lolote nao si wako. Ni wa yule aliyekuchagulia saa ya kuupata.

Unakumbuka ulivyosimamishwa shule ukiwa kidato cha pili, ukawa unavaa yunifomu kila asubuhi na kwenda kushinda kwa rafiki yako? Nilipogundua nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka kwenye balkoni. Nilikuuliza, "Ni nani aliyekufundisha uongo wa namna hii?" Ulinitazama tu ukanyamaza. Nilidhani ni kiburi. Leo naona ulikuwa unanihurumia.

Kwa hiyo sina uso wa kukupa mawaidha. Nitakuomba tu. Ukiwa huko nikikuambia tuko sawa, uliza mara ya pili, na mara ya pili niulize polepole, maana mimi huongopa nikiharakishwa. Nikikuambia habari mbaya, jaribu usinikaripie siku hiyo. Nikaripie kesho yake. Mimi niliwakaripia watu waliponiambia ukweli, wakajifunza kunificha, kisha nikaanza kuwaficha wao nikaita mapenzi. Na ukiwa na jambo lako huko, ugonjwa, mimba, kufeli, chochote, nipigie hata kama unajua nitapayuka. Acha nipayuke. Hasira zangu hushuka.

Nimeangalia saa, ni saa kumi na dakika chache. Wodini wanafungulia wageni saa kumi na moja. Kutoka hapa hadi kitanda cha baba yako ni boda moja, na wewe uko karibu zaidi kuliko mimi. Wiki nzima umekuwa ukipita barabara hiyo hiyo kwenda kununua vitu vya safari.

Barua siiweki kwenye begi. Nakuja nayo saluni sasa hivi, nikupe mkononi, nisimame hapo hapo ukisoma. Utakuwa umesukwa upande mmoja. Nitabeba leso ujifunge kichwa, na yule dada atamalizia baadaye. Akinuna, mwachie mimi.

Baba yako atakasirika. Nilimwahidi na ninavunja, naye hapaswi kukasirika, moyo wake hautaki. Nimelifikiria hilo pia na naogopa. Lakini nadhani mtu anayejifanya yuko sokoni huku amelala chini ya dirisha la hospitali anachoka zaidi kuliko mtu aliyekasirika. Daktari hasemi ataondoka na hasemi atapona. Anasema tungoje dawa zifanye kazi. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, sijabakisha kitu.

Ukisema huendi tena, sitabisha, na watu nitawajibu mwenyewe. Ukisema unaenda, kesho nitakusindikiza, na sitajidai mbele ya mtu kwamba ni mimi niliyekutuma. Hilo ni la kwako wewe na yeye, na mna jioni hii nzima.

Kitanda chake ni cha mwisho mkono wa kushoto. Ingia peke yako. Mimi nitakaa kwenye benchi la nje, na mkimaliza kunisema, mniite.

Mama yako,
Nasimiyu